Beti za Mahlon Yarnall

Kaka yangu Mahlon alikuwa akitunga mashairi ya kupinga utumwa tangu ujana wake, na Marafiki wote, Wakristo wa Quaker wenzetu wa wilaya yetu ya Pennsylvania, walimsifu. Dorcas alikuwa mtu wa kwanza kumcheka.

Dorcas alitoroka utumwa huko Maryland mwezi wa tisa, akafichwa kwetu. Siku moja tulikuwa jikoni tunakata matofaa ya kukausha, Mahlon akaingia na karatasi yake.

"Nimetunga shairi la habari zako," akamwambia. "Nitalisoma Siku ya Tano, kwenye mkutano wa mjini." Akasoma kwa sauti ya kutetemeka:

*Akalia, akalia,*
*machozi kama mvua.*

Dorcas akaweka kisu chini. "Nani huyo anayelialia?"

"Wewe."

"Mimi? Nilie saa ngapi, bwana, na mbwa wananifuata nyuma?"

"Usiniite bwana. Sisi hatuitani hivyo."

"Haya, Mahlon. Sikulia. Niliiba viatu vya yule mzee aliyenimiliki, nikavivaa, nikaondoka. Vilikuwa vikubwa, nikavijaza majani ya mahindi. Mbona hilo hujaandika?"

"Si jambo la ushairi," Mahlon akasema, masikio yamemwiva.

"Kumbe ushairi ni kamasi tu!"

Nilicheka mpaka nikajikata kidole. Mahlon alitoka akaenda kuchanja kuni ambazo hatukuzihitaji. Aliporudi alivuta kigoda, akakaa mbele ya Dorcas. "Nieleze tena," akasema. "Anzia kwenye viatu."

Siku ya Tano, ndivyo Marafiki tunavyoiita Alhamisi, ukumbi ulijaa, na si wote waliokuja kwa wema. Dorcas alibaki nyumbani, maana wakamata watumwa walikuwa wakizurura mjini. Mahlon alisimama na kofia yake kichwani, akasoma:

*Viatu vyako navaa,*
*zifuate nyayo zako.*

Mshona kofia mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Umeota hayo, Yarnall! Mtumwa gani ana ujasiri huo?"

Zamani kaka yangu angekunja karatasi, akaketi. Safari hii alimtazama yule mtu usoni. "Nimeambiwa na aliyevivaa," akasema. "Kaa, rafiki. Bado kuna beti tano." Watu wakacheka, na mshona kofia akakaa. Yai moja lilirushwa, likampata Mahlon begani. Hakujifuta mpaka alipomaliza.

Shairi lilichapishwa gazetini, na ndani ya mwezi mmoja lilikuwa likisomwa hadi Boston. Dorcas alikuwa ameshavuka mpaka kuingia Kanada. Majira ya baridi nikapata barua yake, ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi nilizomfundisha mimi: amepata kazi, ana chumba chenye jiko, na gazeti limemfikia.

"Mwambie Mahlon ubeti wa nne bado mbovu," aliandika. "Mto niliovuka haukuwa na barafu. Ulikuwa na matope."

Mahlon aliurekebisha jioni ileile, na ndivyo ulivyo katika kitabu chake.