Nyongeza ya Bi Mauza

Jumanne, saa mbili kasorobo asubuhi, Leticia alifungua duka lake la Mtaa wa Narung'ombe akamkuta Bi Mauza amekaa kwenye rafu ya pili, kati ya pipa la choroko na pipa la kunde. Alikuwa amekunja miguu, kanga imemkaa vizuri, kopo lake la kupimia liko mapajani. Leticia alimtazama miguuni kwanza, asije akawa amepanda na viatu. Hakupanda navyo. Ndara zake zilikuwa chini, zimepangwa sambamba.

"Shikamoo, Bi Mauza."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nililala kwangu Magomeni, nimeamkia hapa. Na madhali nimeshafika, nakuomba kale kabaraza kangu."

Leticia alimjibu kwa upole kwamba hilo walishalimaliza, akamwitia bajaji.

Kulimaliza kwenyewe kulikuwa hivi. Kwa miaka ishirini na miwili Bi Mauza aliuza maharage, choroko na mbaazi kwenye kibaraza cha nyumba hiyo, juu ya meza ya mninga aliyoachiwa na marehemu mumewe. Watu walimjia na vyombo vyao: sufuria, kopo la siagi, ndoo iliyokatika mkono, na aliyesahau chombo alikinga pindo la kanga. Alipima, akasawazisha kwa kidole, na kipimo kikishaisha akachota kiganja kimoja akamwongezea mtu. Hiyo ndiyo nyongeza, na Kariakoo asiyejua nyongeza bado hajajua kununua. Hakuna aliyesema kwamba anaokoa dunia. Walisema wanakwenda kununua maharage.

Halafu Leticia akarudi kutoka masomoni ng'ambo, akapanga upande wote wa mbele pamoja na kibaraza chake, akaleta uvumbuzi. Uvumbuzi wenyewe, jamani, ulikuwa huu: mteja aje na chombo chake. Hee! Watu wa Kariakoo walisimamishwa mlangoni wakaelezwa taratibu, kwa michoro, namna ya kubeba maharage bila mfuko. Tena kila kilichouzwa mle kilitoka shambani, wala hakikumgusa mnyama. Kulikuwa na maziwa ya korosho, jibini la korosho, na kitu cha rangi ya kahawia kilichokuwa kinajitahidi sana kuwa soseji. Watu waliokuwa wakila maharage matupu kuanzia tarehe ishirini ya kila mwezi waligundua kwamba kumbe wao ni vigani, yaani watu wasiokula cha mnyama, tena wa siku nyingi, ila tu hawakuwa wameambiwa.

Asali haikuuzwa, maana nyuki hawapaswi kusumbuliwa. Bi Mauza hakuwa nyuki. Alipewa barua ya siku saba, yenye salamu mwanzo na salamu mwisho, ikimjulisha kwamba kibaraza kinahitajika kwa maegesho ya baiskeli.

Aliondoka na kopo lake na magunia mawili. Meza aliiacha kwa kuwa hakuwa na wa kumbebea. Leticia, ambaye roho humuuma akiona kitu kinaharibika, aliipasua ile meza akaigeuza kibao cha duka, na juu yake akaandika kwa rangi nyeupe: HAPA HATUTUPI KITU. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kibao kilipigiliwa Jumatatu jioni, na kesho yake ndiyo hiyo Jumanne mama wa watu akakutwa rafuni.

Jumatano alirudi. Alhamisi alirudi na kigoda chake. Dereva wa bajaji alishazoea, akawa anamsubiri mlangoni kabla hajaitwa. Mlinzi aliulizwa mtu anapitaje kwenye mlango wenye kufuli mbili, akasema yeye ameajiriwa kuzuia wanaotoka na mali, na huyu anaingia, tena na vyake mwenyewe. Jibu hilo lilionekana linatosha.

Leticia aliwaza Jumamosi na Jumapili. Wazo la kumrudishia mama huyo kibaraza chake lilipita mbali kabisa, halikupiga hodi. Jumatatu alikuja na kikaratasi alichokiandika kwa mkono, akakifunga kwenye kigoda kwa kamba ya katani: "Bi Mauza. Wa hapa hapa mjini. Hana kemikali." Bajaji akaiambia isije tena, Bi Mauza akabaki hapo hapo rafuni.

Wateja walimpenda mno. Walikuja kutoka Masaki na vichupa vyao vya kioo, wakamwacha dereva nje na injini inaunguruma ili gari lisipate joto, wakaingia kuokoa mazingira. Walipiga naye picha. Bi Mauza alimwomba kila mmoja amsemee kwa yule binti kuhusu kibaraza. Walikubaliana kwamba bibi ana busara nyingi sana, wakalipa wakaondoka.

Tatizo lilikuwa mkono. Rafu ile ilikuwa karibu na mizani, na kila mteja alipomaliza kupima, mashine ikishatoa namba yake, mkono wa Bi Mauza ulishuka, ukachota kiganja kizima cha choroko, ukakimwaga ndani ya kichupa. Leticia alivumilia siku mbili. Siku ya tatu alimweleza kwamba mashine inapima mpaka gramu moja, haina haja ya kusaidiwa.

"Haya, mashine imepima," alisema Bi Mauza. "Mimi naongeza. Ukimpimia mtu ukamwacha hivyo hivyo, umemfukuza."

Leticia alimpigia simu Pius.

Pius ni fundi wa vioo na aluminiamu kule Gerezani. Amekulia mtaa wa pili kutoka hapo, na ndiye aliyekuwa akitumwa na mama yake kwa Bi Mauza na bakuli la bati. Mwaka ule mama yake alipolala kitandani miezi sita, nyongeza ilikuwa ikikishinda kipimo, na hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti. Sasa alikuja na futi yake ya chuma, akasema shikamoo mama, akaanza kupima rafu. Bi Mauza alivuta magoti ili amrahisishie.

Pius alimwambia Leticia kwamba angeweza kuacha upenyo chini ya kioo, mdogo tu, wa kupita mkono. Leticia alimjibu kwamba mkono ndiyo shida yenyewe. Matundu ya hewa aweke juu, kwa sababu wao si wakatili.

Roho ya Pius ilikataa. Alisimama na futi yake mkononi kwa muda ambao ungemtosha mtu kukataa mara tatu. Lakini karakana yake ilikuwa haijapata kazi tangu mwezi uliopita, na wanawe hawali vioo. Mapipa ya choroko na kunde yakahamishiwa rafu nyingine, Bi Mauza akabaki na kigoda na kopo lake, ambalo ndani lilikuwa na maharage yake mwenyewe ya Magomeni. Alasiri kioo kikawa kimekaa. Kilikaa vizuri, kwa sababu Pius hajui kufanya kazi mbaya.

Kabla ya kuondoka alitaka maharage ya nyumbani. Alitoa kopo lake la plastiki, Leticia akasema samahani, plastiki hapana, akamuuzia kichupa. Pius alijaza, akaweka kwenye mizani. Mashine ikasema gramu mia tano na mbili. Leticia akatoa punje tatu, mashine ikatulia kwenye mia tano kamili.

Pius hakuondoka. Alikuwa amekiinua kichupa kilicho wazi kuelekea rafuni, kama alivyokuwa akiinua bakuli la bati, na hakujua kwamba amekiinua.

Bi Mauza aliuona mkono wake. Alichota kiganja kutoka kwenye kopo, akakipeleka mbele kwa mteja wake. Kiganja kikagota kwenye kioo, maharage yakamwagika mapajani. Aliyaokota moja moja akayarudisha koponi. Halafu akainua uso mpaka usawa wa matundu ya hewa.

"Kioo chako kizuri, mwanangu," alisema. "Hakina hata ufa."

"Ahsante, mama," alisema Pius.

Alitoka nje na kichupa chake. Pale kibarazani vile vyuma vya kuegeshea baiskeli vilikuwa vitupu, kama vilivyokuwa tangu siku ya kwanza, kwa sababu hakuna mtu aliyekuja na baiskeli. Pius alikaa chini katikati yake, mahali ilipokuwa meza, mgongo ukutani na kibao juu ya kichwa. Alikaa mpaka mlinzi alipomfuata na kumwambia, kwa adabu kabisa, kwamba hapo hapakaliwi.