Mstari wa Kwanza ni wa Akina Mama

Émile alikuwa amezamisha mpira wa baiskeli kwenye beseni, akitafuta mahali panapotoa mapovu, Timothée aliposimama mbele ya kibanda chake bila salamu. Timothée ni ajenti wa komini ya Kabondo, yaani serikali ya mtaa wetu, mtu wa shati lililonyooka hata siku ambazo mtaa mzima hauna umeme wa pasi. Akisimama kwako asubuhi, ujue kuna kitu kitaondoka.

"Papa Émile, ile ring yako tunaikamata leo. Ni réquisition. Honorable, mbunge wetu, anakuja kusalimia batu, anahitaji podium."

"Leo ring iko na kazi, chef. Tunamutoa Mama Marthe matanga."

"Mutamutoa kesho."

"Kesho? Bamama banapika tangu jana. Na bwana yake Isaïe alikufa siku ya leo mwaka jana, hakukufa kesho."

"Mimi natumwa tu. Muchana pick-up inakuja." Timothée akagonga nguzo ya kibanda kwa kidole. "Na ukileta matata, hii kibanda pia haiko na autorisation."

Akaenda zake. Émile akarudisha mpira majini, akapata tundu, akapaka gundi nyembamba kama mtu anayepaka dawa kidonda cha mtoto. Gundi ilikuwa imepanda bei tena wiki ile. Alimwuliza muuzaji sababu, naye akamjibu kwamba ni dola, ni barabara, ni vita, yaani ni kila mtu isipokuwa yeye.

Komini ikikamata kitu, Kabondo tunajua maana yake. Mwaka jana walikamata madawati ya shule kwa ajili ya mgeni mwingine. Mgeni aliondoka siku ileile, madawati hayajarudi mpaka leo. Watoto wanakaa juu ya matofali, na dawati moja liko barazani kwa Timothée, jioni anapumzishia miguu. Hafichi hata kidogo.

Sasa ilikuwa zamu ya ulingo. Émile na rafiki yake Isaïe, mtu wa Yanonge, waliujenga kwa mikono yao: mbao za mashua iliyooza, nguzo nne zilizochimbiwa ardhini, na kamba nene za kufungia majahazi ya mtoni. Hapo ndipo walipopigana catch yao, kama tunavyoiita mieleka.

Hawakujifunza kwa mwalimu, walijifunza kwa kanda. Ujanani walifanya kazi kwenye misheni moja ya Waingereza, kule mto unakoteremkia, wakimsaidia fundi wa jenereta aliyeitwa Mista Ronald. Dada yake alimtumia kanda za video za mieleka ya kwao. Jumamosi mchana aliwasha jenereta, akafungua milango ya sebule, na wafanyakazi wakaja na wake zao na wachumba wao. Lo, zile zilikuwa Jumamosi! Wapiganaji wenyewe hawakuwa majitu ya misuli kama wa televisheni za leo, wanaobweka kabla hawajaguswa. Walikuwa wanaume wenye vitambi na upara. Ungewakuta sokoni ungedhani wanauza samaki wa chumvi, lakini mmoja wao akikushika kifundo cha mkono, huchomoki. Walipigana kwa raundi na kengele. Walisalimiana kabla, wakasalimiana baada.

Kulikuwa na mwamuzi wa shati jeupe. Akimwona mtu anafanya rafu, alisimamisha mchezo, akainua kidole, akampa onyo la hadharani, ukumbi mzima ukisikia. La kwanza, la pili. La tatu unatoka, hata uwe nani. Émile na Isaïe walikulia kwenye nchi ambayo mkubwa haonywi na mtu, na kidole kile kiliwafurahisha kuliko teke lolote.

Halafu wale bibi! Mstari wa mbele walikaa wanawake wazee wenye kofia, mikoba magotini. Mpiganaji mwovu akiangukia karibu na kamba, bibi mmoja aliinuka, akamtwanga kichwani kwa mkoba, akarudi kukaa. Hakuna aliyemkamata. Marthe, wakati ule mchumba wa Isaïe, aliuliza kama ile ni sheria ya mchezo. Mista Ronald alicheka mpaka akashindwa kujibu, wao wakakichukua kile kicheko kuwa ndiyo. Kwa hiyo catch ilipofika Kabondo ilifika na sheria yake: mstari wa kwanza ni wa akina mama, na kwa anayefanya rafu, mama mmoja ana haki ya kumpiga mara moja. Miaka mingi baadaye mtu aliyetoka Ulaya akawaambia kwamba huko hakuna sheria kama hiyo. Hawakubadilisha kitu. Isaïe alisema basi Waingereza wamejisahau.

Mista Ronald aliondoka vita vilipokuja, kanda zikaliwa na ukungu, lakini sheria ilibaki.

Mwovu wa Kabondo alikuwa Isaïe. Nje ya ulingo alikuwa mpole mno. Ndani, akivaa joho la bluu lililoshonwa kutoka pazia la misheni, alivuta masikio, alikanyaga vidole, alimtukana mwamuzi. Mkewe Marthe aliujaza mkoba wake nguo chakavu ili usimwumize, akainuka, akampiga, na mtaa mzima ukacheka mpaka machozi. Tangu azikwe, Marthe amevaa nyeusi na mkoba haujatoka kabatini. Wenzake walipomwuliza atatoka matanga namna gani, alisema anataka catch. Ndiyo sababu Émile, na goti lake bovu na miaka yake sitini na kitu, alikubali kuvaa joho la rafiki yake, afanye rafu, apigwe. Akishapigwa, Marthe atavua nyeusi. Bila ulingo, angeivaa mpaka siku asiyoijua mtu.

Jua halijakaza, Émile alifunga kibanda akaenda komini kuomba. Walimkalisha kwenye ubao mpaka mgongo ukamuuma. Mwishowe karani akainua kichwa.

"Bourgmestre haiko."

Mlango ulikuwa wazi. Bourgmestre, mkuu wa komini, alikuwa ndani, anakoroga chai.

"Lakini namuona, maman."

"Unamuona, bon. Lakini haiko. Rudia kesho."

Émile alirudi nyumbani kwa miguu na kwa hasira, na katika hasira ile goti likasahau kuuma. Hakuomba tena. Alifika, akalipiga joho la bluu vumbi, akalivaa.

Watu walijaa kuuzunguka ulingo. Mpinzani wake alikuwa Célestin, mwendesha toleka, yaani baiskeli zetu za kubeba abiria, na mapaja yake yanaionyesha kazi hiyo. Mwamuzi alikuwa Jemima, binti wa Marthe, mwalimu wa ile shule ya matofali, amevaa shati jeupe na ameshika kengele. Mstari wa kwanza ulikuwa wa akina mama, kila mmoja na kigoda chake na mkoba wake. Katikati yao Marthe, na nyeusi yake.

Raundi ya kwanza walipigana kwa usafi, kama kwenye kanda. Célestin alimnyonga mkono, Émile akajibingirisha, akajifungua, akashangiliwa na watu wa rika lake. Raundi ya pili akaanza uovu. Alimvuta Célestin sikio, akamkanyaga vidole, akamgeukia Jemima na mikono juu kama malaika.

"Avertissement public!" Jemima akainua kidole kutoa onyo. "Ya kwanza!"

Watu wakazomea kwa raha, macho yote kwa Marthe. Marthe hakuinuka. Émile akarudia rafu, safari hii pale pale mbele yake, kichwa nje ya kamba, tayari.

"Piga, Mama Marthe! Piga!"

"Siwezi," Marthe alisema, na ni Émile na wale walio karibu tu waliosikia. Alikuwa analitazama joho. "Haiko yeye, Émile. Haiko yeye."

Shangwe ikafa. Émile alibaki ameinama kwenye kamba, hajui afanye nini na kichwa chake. Aliona uchungu kuliko siku ya maziko, maana siku ile angalau alikuwa na sepetu ya kushika.

Ndipo pick-up ikaingia. Timothée akashuka na polisi wawili, akapasua watu, akapanda ulingoni na viatu vyake.

"Viatu!" watu wakapiga kelele. Hakuna anayepanda pale na viatu vya barabarani.

"Fiesta imeisha! Mushuke bote. Honorable iko njiani."

Jemima akapiga kengele mara moja, kali. Akamkabili, kidole juu.

"Avertissement public. Ya kwanza."

Timothée akacheka. Akamwambia polisi mmoja akate kamba. Polisi akatoa kisu, akaanza, kamba ya kwanza ikalegea.

"Avertissement public. Ya pili!" Kidole cha Jemima hakikushuka. "Na ile dawati ya bana bangu, chef, iko nyumbani kwako. Batu bote banajua."

Timothée akamsukuma. Jemima akaanguka juu ya mbao, kengele ikabingirika. Timothée akajongea kwenye kamba ili aite dereva.

Marthe akainuka. Aliweka kigoda chake vizuri pembeni, akapanda juu yake, akashika mpini wa mkoba kwa mikono miwili. Nguo chakavu hazikuwemo siku hiyo. Mlikuwa na kwanga ya karamu, yaani mkate wetu wa muhogo, bado imefungwa kwenye majani, na anayejua kwanga iliyolala anajua uzito wake. Ilimpata Timothée sikioni. Akakaa chini kwa makalio, shati lake lililonyooka likijaa vumbi.

Marthe akashuka, akakaa. Mara moja tu, kama sheria inavyosema.

Kisha mtaa ukalipuka. Watu walipiga beseni, walipiga kengele za baiskeli, Célestin alimkumbatia Émile akamnyanyua pamoja na goti lake bovu. Na Marthe alikuwa anacheka. Alicheka mdomo wazi, mkono kifuani, machozi yakishuka, kama alivyokuwa akimcheka Isaïe.

"Mukamate ule mwanamuke!" Timothée alipiga kelele.

Polisi mwenye kisu aliwatazama watu, akamtazama Marthe, akakirudisha kisu. "Chef, batu ni mingi. Na ni catch."

"Disqualifié, ametoka," Jemima akasema, amesimama tena.

Timothée aliondoka na pick-up na wale polisi wawili kutafuta wengine, ameshika sikio. Marthe akafungua kitambaa cheusi kichwani, kisha kitenge cheusi kiunoni. Chini alikuwa na kitenge cha manjano, amekivaa tangu asubuhi. Émile akafuta macho kwa mkono wa joho, hakujificha.

"Bon," akasema. "Kila mutu, mbao moja. Haraka."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Mbao zikatoka msumari kwa msumari. Nyingine zikaenda chini ya vitanda, nyingine juu ya mabanda ya kuku. Célestin akafunga nguzo mbili kwenye toleka. Mwisho ubao mpana kuliko zote ukaenda shuleni, ukalazwa juu ya matofali.

Pick-up iliporudi imejaa polisi, ilikuta watu wanakula pondu kwa utulivu mkubwa, wameyazunguka mashimo manne ya nguzo.

"Ring iko wapi?" Timothée aliuliza.

"Ring gani?" akajibu Célestin.

Wakamkamata Émile, na joho lake, wakampeleka kwenye kituo cha polisi, wakamfungia ndani ya kasho. Honorable, tulisikia, alihutubia amesimama kwenye pick-up, akaahidi madawati.

Jioni haijaingia sawasawa, komanda wa kituo alichungulia nje, akakunja uso. Ng'ambo ya barabara akina mama walikuwa wamepanga vigoda vyao kwenye mstari mmoja ulionyooka, Marthe katikati na manjano yake. Hawakuimba, hawakupiga kelele. Kila mmoja alikuwa na mkoba magotini, na mikoba ilikuwa imejaa.

"We mzee," komanda akasema kupitia nondo za kasho, "hawa bamama banataka nini?"

"Hapana kitu, mon commandant. Banaangalia."

"Banaangalia nini?"

Émile alikaza mkanda wa joho la bluu.

"Nani atafanya rafu."

Nje, Jemima akapiga kengele ya raundi.