Mistari Kumi na Miwili

Alichokiona kwanza Saleha ni nywele. Yeye humsuka Zeyana mistari minne minene, basi. Siku ile mtoto alisimama ng'ambo ya kamba na mistari kumi na miwili, myembamba, imenyooka, inang'aa mafuta ya nazi.

"Nani kakufumua?" Saleha akauliza.

"Mama Shamsiya."

Neno "mama" likamkwama kama mwiba wa samaki.

Mumewe Hamed alipomwacha, kadhi alikata hivi: mtoto akae kwa mama yake Chumbageni, na kila Alhamisi aende kwa baba yake Mabawa, arudi Jumamosi. Akitimiza miaka saba atachagua mwenyewe pa kukaa. Ilibaki miezi miwili tu atimize. Alhamisi ile Zeyana akaenda, na Ijumaa ndui ikaonekana mtaani kwa Hamed. Askari wakazungusha kamba. Aliye ndani asitoke, aliye nje asiingie.

Ndui yenyewe Saleha hakuihofia sana, kwa kuwa Zeyana alikuwa amechanjwa na kovu lipo begani. Hofu yake ilikuwa Shamsiya, yule mke mpya mwenye uso laini kama maziwa ya mgando.

Kila alasiri aliruhusiwa kusimama hatua kumi kutoka kwenye kamba. Jirani yake Mwanasiti alimsindikiza, akitafuna tambuu.

"Mwenzio anasuka, shoga," Mwanasiti akasema. "Wewe unafunga mzigo wa kuni."

Saleha alicheka kidogo, maana hakujua kujibu watu. Lakini jioni ile, baada ya maghribi, alibaki juu ya msala akaomba dua ambayo hakumwambia mtu.

Wiki ya tatu, mistari ya Zeyana ilianza kufumuka. Siku ya pili ikasimama ovyo. Siku ya tano kichwa kilikuwa kichaka, na aliyemleta mtoto kwenye kamba ni Hamed.

"Mkeo yuko wapi?" Saleha akauliza.

Hamed akamtupia jicho askari, kisha akatazama chini. "Yupo. Ana kazi."

"Kachoka kulea cha mwenzake," Mwanasiti akanong'ona. "Umeona? Siku ishirini tu."

Saleha akarudi nyumbani mwepesi. Usiku uliopita hakula, lakini siku ile alimaliza sahani nzima ya wali, akapangusa na ukoko. Kila alivyozidi kuona kichaka kile kwenye kamba, ndivyo alivyozidi kunawiri. Alijiona tayari mbele ya kadhi, Zeyana akimwelekezea yeye kidole.

Kamba ilipoondolewa, alifika Mabawa asubuhi mapema, kitana kimechomekwa kiunoni. Akabisha hodi. Aliyefungua ni mwanamke aliyejitanda ushungi hadi puani. Saleha hakumtambua mpaka aliposema.

"Karibu, dada Saleha. Uniwie radhi kwa nywele za mtoto."

Ushungi ukateleza. Uso ule laini ulikuwa umejaa mashimo, mashavuni, kidevuni, hata kwenye kope.

"Chanjo yangu haikushika," Shamsiya akasema. "Hamed alinificha chumba cha uani, askari wasinipeleke kambi ya wagonjwa. Zeyana alikuwa anakaa nje ya mlango na kitana, ananililia nimsuke. Sikumfungulia. Ningemgusaje kwa mikono ile?"

Saleha akamtafuta mwanawe kwa macho. Zeyana alitoka chumba cha baba yake mbio, akampita Shamsiya kwa mbali, ubavu umeegemea ukuta, akajificha ndani ya buibui la mama yake.

"Muage mama Shamsiya," Saleha akamwambia.

Mtoto akatikisa kichwa, amekifukia kwenye buibui.

"Mwache," Shamsiya akasema taratibu, akijifunika tena. "Tangu nitoke haji kwangu. Ananiogopa. Kwa kadhi hamtahangaika."

Kwa hiyo mtoto alikuwa wake. Saleha akaugusa mkono mdogo ulioshika buibui lake, akataka kuondoka. Akageuka. Maisha yake yote maneno yalimwishia kooni, na hili nalo lingeweza kwisha huko huko, asingejua mtu.

"Shamsiya," akasema, "ni dua yangu. Niliomba juu ya msala ndui ikuguse uso, mwanangu akuogope."