Kikohozi cha Barazani

Bi Ardith Stull alilitoa boga kubwa kwenye ngazi ya chini akaliweka ngazi ya juu. Akashuka hadi barabarani, akalitazama, akarudi akaliweka palepale lilipokuwa. Alikuwa katika kazi hiyo tangu asubuhi. Upepo nao ulikuwa haujatulia. Uliangusha majani mekundu, ukayafagia mpaka mlangoni, ukabadili nia ukayarudisha barabarani.

Boga lenyewe hakulinunua. Kuna mkulima nje ya mji huwaachia watu waokote yanayobaki shambani baada ya baridi ya kwanza, na hili lilikuwa na ubavu mmoja bapa, ambao Bi Ardith aliuelekeza ukutani. Mabua ya mahindi aliyapata kwa mkulima huyohuyo, akayafunga kwenye nguzo za baraza kwa soksi ndefu zilizotoboka. Shada la mlangoni alilisuka kwa mizabibu-mwitu iliyokuwa ikiukaba uzio wa kanisa. Majani aliyachovya katika nta ya mishumaa mikuukuu yasipoteze rangi, kisha akayatunga kwa uzi. Ukingoni mwa baraza alipanga mabakuli yenye ufa na mengine yenye midomo iliyopinda, akayajaza mbegu za mwaloni. Mabakuli kama hayo yalikuwa katika kila nyumba ya mtaa ule, maana mji mzima ulikula kwa kiwanda cha vyombo vya udongo kule chini mtoni, na vyombo vibovu wafanyakazi waliruhusiwa kwenda navyo nyumbani. Mwisho akanyunyiza pilipili ya unga juu ya maboga, kindi wasiyatafune.

Kila mwaka majani yanapopukutika, kiwanda hutoa zawadi kwa baraza linalopendeza kuliko yote. Zawadi ni mafuta ya kupashia nyumba joto, tanki hujazwa na kujazwa tena mpaka theluji iyeyuke. Mwaka ule kamati ilitangaza kanisani kwamba itawatazama zaidi waliopamba kwa gharama ndogo. Tangu Jumapili hiyo Bi Ardith hakukaa kitini kupita muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Tanki lake lilikuwa tupu. Ukiligonga linalia kama ngoma. Na bintiye Coralee, aliyeolewa kule jangwani kusiko na majani ya kupukutika, alikuwa amekwisha kusema lake kwa simu.

"Mama, msimu huu wa baridi hutabaki huko. Sikukuu ya Shukrani nakuja na gari, tunapakia vitu, nyumba tunauza."

"Na nikipata mafuta?"

"Utayapata wapi?"

"Nauliza tu. Nikiyapata?"

"Ukiyapata, kaa. Lakini mwaka jana ulilala na koti mpaka Pasaka, mama."

"Koti zuri lile."

Kilichobaki kilikuwa mtu wa majani. Katika mji ule, baraza lisilo na mtu wa majani ni kama harusi isiyo na bwana harusi. Watu huchukua suruali na shati kuukuu, wakafunga mikono na miguu kwa kamba, wakashindilia majani makavu mpaka kitambi kitokeze. Kichwa huwa foronya. Kisha humkalisha kitini, kofia usoni, kama mtu aliyeshiba.

Nguo za kiwandani lakini hufuliwa kwanza. Wanawake wa mtaa ule hufua ovaroli nje, katika beseni lake, na kuianika kwenye kamba yake. Haichanganywi na nguo za watoto wala shuka. Hakuna aliyewaambia sababu. Kila mmoja alimwona mama yake akifanya hivyo.

Bi Ardith alikuwa na ovaroli moja ambayo hakuifua. Ni ile aliyoivua mumewe, Delbert, siku ya mwisho aliporudi kutoka chumba cha kusagia mawe kule kiwandani. Baada ya hapo alilala, na kazini hakurudi tena. Nguo zake nyingine Bi Ardith alizigawa, lakini ile aliitia ndani ya mfuko akausukuma chini ya kitanda, kwa sababu ilikuwa na harufu yake. Sasa hapakuwa na nguo nyingine ya kiume mle ndani, na ya kununua hakuiweza. Akaitoa, akaijaza majani, akaikalisha kwenye kiti cha kubembea.

Jua lilipoanza kushuka, mtu wa majani alikohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupi kifupi, halafu kimoja kirefu cha kukwaruza, kama sahani inayoburutwa juu ya sahani. Vumbi jeupe lilitoka kwenye kola likatua juu ya boga. Bi Ardith alikuwa jikoni akimenya viazi. "Funga kola, upepo huo," alisema kupitia dirishani. Kisha akakumbuka, akafuta mikono, akatoka kuifunga mwenyewe.

Jirani yake Opal Riggle, mjane kama yeye, alikuja kesho yake na pai ya tofaa. Alisimama kwenye ngazi akasikiliza.

"Delbert huyo?"

"Ovaroli yake."

"Hukuifua wewe."

"Sikuifua."

"Ndiyo maana." Opal aliketi ngazini, pai magotini. "Wa kwangu kimya. Nimemvika suti ya kanisani. Alipokuwa hai hakufunga mdomo hata kwenye msiba, leo amekuwa shemasi."

Mtu wa majani alikohoa tena. Opal akaifunika pai kwa kiganja.

"Mpe asali, shoga."

"Itamgandisha majani."

"Basi nipe mimi, nitie kwenye pai."

Wakala pai, wakimsikiliza. Delbert naye alikuwa akipewa kijiko cha asali kila jioni, mpaka siku alipoacha kumeza. Daktari wa kiwanda alimsikiliza kifua kwa kitambo kidogo, akasema ni tumbaku. Delbert hakuvuta sigara maisha yake yote. Moshi ulimtoa machozi. Wanaume wengine wa chumba kile cha kusagia mawe nao walikufa kwa tumbaku mmoja baada ya mwingine, hata yule aliyekuwa mhubiri. Kiwanda hulipia matibabu ya ajali. Tumbaku si ajali.

Siku zilizofuata mtaa ulizoea. Mtu wa majani alianza kukohoa king'ora cha zamu kilipolia, akapumzika, akaanza tena king'ora kingine kilipolia. Mpeleka barua alimwambia "pole" akipita. Mbwa wa Opal, ambaye hubweka hata kwa kivuli chake, alikuja akalala miguuni pake. Ni Bi Ardith tu ambaye hakutulia. Alihamisha mabakuli. Aligeuza shada. Kila asubuhi alifuta vumbi jeupe juu ya maboga na kila jioni lilikuwa pale tena. Akilala husikiza, na kikohozi kikikawia huamka kutazama kama yupo.

Kamati ilifika Jumamosi mchana. Mbele alikuwa Bwana Whitcomb, meneja wa kiwanda, mtu mpole mwenye glavu za ngozi, na nyuma yake mabibi wawili wa kanisani. Walisifu majani ya nta. Bibi mmoja aliuliza mizabibu ilitoka wapi, akaambiwa, akasema alikuwa akijiuliza imekwenda wapi. Bwana Whitcomb alilipapasa boga.

"Umejitahidi sana, Bi Ardith. Nasema kweli, sijaona baraza kama hili mwaka huu."

"Asante, bwana."

Mtu wa majani akakohoa. Vumbi likatua kwenye glavu ya Bwana Whitcomb. Aliipangusa polepole kwenye koti. Mabibi wakatazama viatu vyao, maana kikohozi kile walikijua. Kila mmoja alikuwa nacho kwao, cha baba au cha kaka.

"Mvutaji huyu," alisema Bwana Whitcomb.

"Delbert hakuvuta hata siku moja."

"Wote husema hivyo, dada yangu." Alisema kwa upole. "Hapo ndipo penye tatizo. Mvutaji, na mwili wote majani makavu. Baraza la mbao. Kamati haiwezi kutoa zawadi mahali penye hatari ya moto."

"Hana sigara, bwana. Hana hata mdomo."

"Naona. Basi sikiliza, maana nataka upate." Akainama kidogo. "Moshi hukaa kwenye nguo. Ifue tu. Ukiifua vizuri ataacha. Sisi tutapita tena Jumatano, na mimi mwenyewe sioni baraza jingine la kushindana na hili."

Wakaondoka. Bi Ardith alishika fagio akafagia ngazi zilizokwisha kufagiliwa. Alifagia mpaka njia, mpaka barabarani, mpaka mbele ya nyumba ya Opal, na Opal akatoka.

"Nimesikia," Opal alisema.

"Basi sema."

"Niseme nini? Nikikwambia ifue, utasema sikumjali. Nikikwambia usiifue, baridi itakukuta na mimi sina kitanda cha pili."

"Ukiwa wewe?"

"Mimi wangu yuko kwenye suti. Usiniulize."

Bi Ardith alirudi akaketi karibu na mtu wa majani. Ilikuwa ni mara yake ya kwanza kuketi pale tangu amkalishe. Alimsikiliza mpaka miguu ikafa ganzi kwa baridi, akaingia ndani, na ndani mlikuwa na baridi vilevile.

Jumatatu alimfungua vifungo akamwaga majani uani. Aliifua ovaroli nje, kwenye beseni lake. Maji yaligeuka meupe kama maziwa. Aliyaacha yatulie, akamwaga ya juu, akaongeza mengine, akafua tena, mpaka yakatoka safi kama yalivyoingia. Ovaroli aliitundika kwenye kamba yake. Chini ya beseni ulibaki udongo, mweupe, laini, kiasi cha konzi.

Alikwenda nao kwenye kichaka cha waridi ili aumwage, akasimama, akarudi nao. Akaupeleka kwenye pipa la taka, akarudi nao. Bi Ardith kabla ya kuolewa aliwahi kufanya kazi kiwandani, akibandika vikombe mikono ya kushikia, na vidole havisahau. Akakaa jikoni akaufinyanga bakuli dogo, la kutosha kiganja. Halikuwa la kupamba, kwa hiyo hakulipeleka barazani. Aliliweka sakafuni, karibu na tundu ambamo joto hutokea, siku likitokea.

Jumatano mtu wa majani alikuwa kitini, msafi, ananukia sabuni, kimya. Mbwa wa Opal alimnusa akaenda zake. Bwana Whitcomb alimpa mkono, akapigwa naye picha ya gazeti la mji.

"Mwanamume mtulivu," alisema.

Alasiri ile lori lilikuja likajaza tanki. Bi Ardith akampigia Coralee simu.

"Umeshinda kweli, mama?"

"Nimeshinda."

"Mbona sauti yako hivyo?"

"Nimechoka kufagia."

"Basi sikukuu nakuja kula tu. Usijisumbue na bata mzinga mkubwa."

Opal alikuja jioni kulitazama tanki. Aliligonga; halikulia.

"Umemfua," alisema.

"Nimemfua."

"Hata mimi ningemfua." Akavuta shali. "Mkwe wangu Jerrod kaitwa kazini, leo. Chumba cha kusagia mawe. Nafasi ilikuwa wazi."

"Wamempa barakoa?"

"Wamempa kofia. Nzuri, ina jina lake."

Theluji ilianguka mapema mwaka ule, juu ya maboga, juu ya mabakuli yenye ufa, juu ya kofia ya mtu wa majani ambaye sasa alikaa barazani kama watu wengine wa majani. Bi Ardith aliwasha joto. Likapanda kutoka kwenye matundu ya sakafu, akavua koti ndani ya nyumba yake, akalitundika. Kisha akaanza kuzunguka. Alisogeza meza dirishani, akairudisha. Aliondoa picha ukutani akaipangusa, nayo haikuwa na vumbi. Nyumba ilikuwa na joto na ilikuwa kimya, na vyote viwili hakuvizoea.

King'ora cha zamu kilipolia kule chini mtoni, bakuli lililokuwa limekauka kando ya tundu la joto likakohoa. Kifupi kifupi, halafu kimoja kirefu cha kukwaruza.

"Haya," alisema Bi Ardith.

Alichukua asali kabatini, akatia kijiko kimoja ndani ya bakuli, akavuta kiti akaketi. Hakuinuka tena kusogeza kitu. Nje, wanaume wa zamu walikuwa wakipita kwenda chini, Jerrod miongoni mwao na kofia yake mpya. Uani kwa Opal, binti yake, mke wa Jerrod, alikuwa akianika ovaroli ya jana kwenye kamba ya peke yake, mbali na nguo za mtoto. Ilikuwa imekwisha kuganda, na upepo uliipeleka miguu yake mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayewahi kazini.

Bakuli likakohoa tena. Bi Ardith akaliongezea asali.