Viwanda Vitatu vya Katoni

Mimi sipendi kudanganywa, na nilikuwa na hakika Mzee Ogola ananidanganya.

Kila mwisho wa mwezi chama cha wenye viwanda hunipa kazi ya kupiga simu kwenye viwanda vya Kisumu na kuuliza swali moja: mwezi huu mmetengeneza zaidi ya mwezi uliopita, sawa, au chini? Tangu ule mwaka mbaya wa viwanda kufungwafungwa uishe, wengi walikuwa wanajibu "zaidi". Ogola, msimamizi wa kiwanda cha katoni kule Nyamasaria, alijibu "chini" miezi sita mfululizo. Na wenye samaki, wenye biskuti, wenye sabuni, wote zaidi! Jamani, walikuwa wanapakia kwenye nini? Viganjani?

Jambo hilo lilininyima raha, nikaenda kujionea. Nikakuta mashine zinanguruma na malori mawili yanapakiwa. Nilimwamkia vizuri, kisha nikawaka.

"Mzee, hii ndiyo chini?"

Wala hakuona haya. Alinipeleka hadi mashine ya pili ya gundi, iliyofunikwa turubai.

"Hii ni ya Aoko. Miaka kumi na sita ameishika. Yeye na wenzake ishirini na mmoja wa zamu ya pili walirudishwa nyumbani, sasa anauza dagaa wa omena sokoni. Nyathina, mwanangu, nitasemaje tumepanda na wao wako nje? Siku wakirudi, nitasema zaidi."

Hasira ikaniisha, nikamwonea huruma. "Na mbona hawaitwi?"

"Tajiri wetu mwenye kiwanda, Mzee Tarlochan, anaogopa. Anasema huenda hii ni bahati yetu tu. Anataka ripoti ya chama chenu ionyeshe katoni zimepanda hapa Kisumu miezi mitatu mfululizo, ndipo arudishe zamu ya pili."

"Mzee, unajua kwenye ripoti hiyo kuna viwanda vingapi vya katoni?"

"Mia?"

"Vitatu. Kimoja kinasema zaidi, kimoja sawa, na cha tatu ni chenu. Zaidi moja na chini moja zinafutana. Kila mwezi inaandikwa: katoni, hakuna mabadiliko."

Ogola akaketi juu ya bunda la karatasi. "Mimi nilidhani sauti moja inapotea humo." Akaniangalia. "Hiyo miezi sita huwezi kuirekebisha?"

"Ikishachapishwa, basi."

"Nitamwambia tajiri. Lakini yule huamini kilichoandikwa tu."

Nilitegemea aniombe nimfichie. Badala yake alimpigia Aoko palepale, simu ikiwa kwa spika, akamweleza yote bila kujitetea.

"Kwa hivyo kila mwezi ulikuwa unanikumbuka?" Aoko akauliza.

"Kila mwezi."

"Basi hii miezi mitatu inayokuja, Ogola, tafadhali, nisahau."