Sura Iliyobaki Baada ya Karamu

...Alhamisi, saa tisa na robo alasiri, hapo ndipo ilipoanza, nina hakika kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitazama saa ya ukutani, kitabu mkononi, natafuta maiti, ndiyo kazi yangu Desemba yote, Mama Mwenye Duka ametaka meza ya mbele iwe ya vitabu vya Krismasi vya kumpasha mtu moyo, blanketi, kikombe cha chai, ndugu waliogombana wanapatana, na kabla kitabu hakijafungwa utepe mwekundu lazima mmoja wetu asome sura ya mwisho ahakikishe hakuna anayekufa, maana mwaka jana mteja alirudisha kimoja huku analia, ndipo bosi akatuambia, "Krismasi watu hawafi, wanangu, wakafe Januari," na Madevu wa keshia akadakia, "Na mbwa je, bosi?" "Mbwa ndiyo kabisa asiguswe!" tukacheka, hata mimi nilicheka, na sasa hiki hapa, nyumba ndogo na moshi juu ya paa, hiki nakijua, hiki ndicho mama alichotusomea kila mkesha wa Krismasi, mimi na mdogo wangu tumebanana kitanda kimoja, bibi mwoka mikate anawaita wanawe waliotawanyika, wanakuja, wanakula, wanaimba, mama anafunga kitabu, "wakalala, mwisho," hiki hakihitaji kukaguliwa, nilikifungua kwa mazoea tu... na baada ya karamu kuna sura nyingine. Asubuhi wanamkuta bibi kitini, amepoa, unga bado uko kwenye kucha, na wanawe wanasukumana mlangoni nani amwambie kitinda mimba... kumbe, miaka yote ile mama alifika pale, akaiona, akafunga kitabu, akatubusu, akazima taa, na simu ikatetema mfukoni, mama mdogo, mdogo wake mama, hajawahi kupiga saa za kazi, "Uko peke yako, mwanangu? Bibi yenu amelazwa tena, safari hii daktari ametuambia tujiandae," nikasema nakuja, akasema njoo, "ila mdogo wako usimwambie, ana mitihani mpaka Jumatano, mwache amalize kwa amani, atajua akifika," kwa amani, ndilo neno lilelile, ndivyo mlivyosema juu yangu mama alipougua, mlikaa sebuleni mkakubaliana, baba, wewe, jirani, hata mwenye duka la kona alijua, kila mtu isipokuwa mimi, na mama mwenyewe kwenye simu, sauti imekonda, anajichekesha, "vidonda vya tumbo tu, soma mwanangu, mimi nipo," nikasoma, nikaandika mpaka kidole kikaota sugu, nikashuka kwenye basi na begi langu, nikaona viti vya kukodi uani nikadhani kuna sherehe, nilitabasamu, mama mdogo, niliingia kwenye msiba wa mama yangu ninatabasamu, watu wote wakaniona, na mkaja kuniambia nimefaulu vizuri, "Dada, samahani, hiki kizuri?" mteja, mama mmoja mwenye miwani kichwani, anakitazama kitabu changu, "ni cha mama mkwe, ana moyo mwepesi," nikamwambia naomba dakika moja tu, mama, na kule kwenye simu, "Umenisikia lakini? Tumekubaliana?" na mimi, "Nimekusikia, mama mdogo," kusikia si kukubali, akakata, na nikataka kumpigia kelele mama, siyo huyu mdogo, yule wangu, nani alikwambia nitashindwa, nani alikwambia mtoto anayeweza kusimama mbele ya jeneza hawezi kusimama kando ya kitanda cha hospitali, ulinifungia kitabu, mama, nilikuwa na haki ya sura ile, hata kama ni ya kuliza, ingekuwa yangu... "Dada? Hakuna anayekufa humo, eh?" na Madevu ananikonyeza niseme hakuna, na Mama Mwenye Duka ameinua macho kutoka kwenye mkasi wake, na utepe bado umening'inia mkononi, "Anakufa bibi," nikasema, "sura ya mwisho, na wanaficha," "We msichana!" akafoka bosi, lakini mteja hakuondoka, bado amenyoosha mkono, na mimi bado nimekishika.

Asubuhi ya Ijumaa, kabla mdogo wangu hajatoka bwenini, nilimpigia, nikamwambia Bibi anakufa, una mtihani saa tatu, wakubwa wameamua usijue, mimi naona uamue mwenyewe. "Jana ungepiga ningewahi basi la usiku," akasema, kwa hasira, yote juu yangu, na sikujitetea, nikabaki na simu sikioni nikimsikia anavuta begi chini ya kitanda, anatafuta viatu.