Ngitili ya Wazazi

"Uwanja uko wazi," alisema mwenyekiti Maganga, tukiwa mkutanoni palepale uwanjani. "Mnunuzi kaja na mtaji wake, anataka kujenga ghala la pamba. Siku hizi soko ni huria, jamani. Tukimkatalia, atakwenda kijiji kingine."

Nilisimama kabla hajamaliza. Uwanja ule niliuacha mimi. Nilipochora hospitali yetu ya Kasoli matofali yalitosha vyumba viwili tu, basi nikachora jengo dogo la kukua. Upande wa mashariki matofali ya pembeni niliyaacha yametokeza kama meno, tayari kuunganishwa, na katikati ya ukuta nikaacha mlango nikauziba kwa udongo, si saruji, ili siku ya kuongeza ubomoke kwa nyundo tu. Nje ya mlango ule ndipo wodi ya wazazi itakapokaa. Dada yangu Minza alijifungulia kwenye mkokoteni, njiani kwenda Bariadi. Mtoto hakulia.

"Hauko wazi," nikasema. "Ile ni wodi."

"Wodi iko wapi, Kija? Mimi naona nyasi."

Watu wakacheka. Mnunuzi naye akacheka, kakalia rundo la matofali aliyoyashusha pale bila kumuuliza mtu.

Kicheko chake kilinichoma. "Basi ni ngitili," nikasema. "Kila masika tunafunga nyasi za ng'ombe mpaka kiangazi, na hakuna anayezigusa. Hapa nimewafungia wake zenu."

"Ngitili ni ya mifugo, kijana. Usichezee mila."

"Baba mwenyekiti." Alikuwa Masele, jirani yake, kutoka nyuma. Hakupandisha sauti. "Mwaka jana ng'ombe wangu waliingia kwenye ngitili yako, ukanitoza dume. Nikasema, ni nyasi tu. Ukanijibu nini?"

Maganga akakohoa.

"Ulisema hakuna nyasi tu. Na nyama mlikula. Sasa huyu kaingiza matofali. Anatozwa nini?"

Safari hii walicheka wanawake. Mnunuzi aliinuka kumwita dereva wake aje apakie matofali. Mama Domitila, mkunga wetu, akavuka uwanja taratibu akakaa palepale alipoinuka mnunuzi, na wenzake wakamfuata mpaka rundo lote likafunikwa na khanga.

"Dume hana," akasema Domitila. "Aache haya."

Maganga aliwatazama. Mke wake alikuwa miongoni mwao.

"Basi aache nusu," akasema.

"Yote," nikasema, na sikukaa.